Spika Iliyolambishwa Chumvi

Ukimwambia dada yangu Abshiro kwamba jua limechomoza, atatoka nje kwanza aangalie. Akinunua maziwa ya ngamia, hudondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, na likiteleza upesi, dalili ya maji, humrudishia mwenye maziwa chombo chake bila neno. Fundi wa milango alikaa naye uso kwa uso mpaka msumari wa mwisho. Mimi, Rukiyo, ni mdogo wake wa tumbo moja, na niliishi naye mtaani Galbet tangu mumewe alipofariki, lakini nikileta nyama kutoka sokoni aliigeuza, akainusa, kisha akanitazama kana kwamba nimekula njama na mchinjaji. Nilichoka naye, Mungu anisamehe.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye maneno yake hakuyanusa, naye ni mwanawe wa pekee, Hamse.

Hamse alituaga akisema anakwenda Jidda kutafuta kazi. Kwetu mtu aliye mbali haandiki barua. Anarekodi sauti yake kwenye kaseti, na kaseti inapita mikono ya watu mpaka imfikie mama. Zake zilipitia duka la jamaa mmoja huko Isili, Nairobi. "Hooyo," alianza kila mara, yaani mama, kisha akaeleza joto la Jidda, na ghala la vitambaa alikofanya kazi, na jinsi atakavyorudi mambo yakikaa sawa. Abshiro alizisikiliza kwenye redio yetu ndogo iliyokuwa ikikoroma kama mzee mwenye kifua, mpaka mimi pia nikazijua kwa moyo.

Mwaka 1998, barabara ilipofunguka baada ya zile mvua za El Niño, jirani yetu Nurto alirudi kutoka Nairobi na habari. Alisema amemwona Hamse Isili akisukuma mkokoteni. Abshiro alimsikiliza hadi mwisho, akampokonya kikombe cha chai mkononi kabla hajakimaliza, akamwonyesha mlango. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mimi nilinyamaza, maana nami nilikuwa na wasiwasi wangu wa siku nyingi: mbona sauti ya mtoto haina furaha ya mtu aliyefika? Lakini nani angethubutu kusema? Akikubali kwamba Hamse ni mwongo, dada yangu angebaki na nini?

Sasa, kazi yetu ilikuwa kuonyesha video katika chumba cha nyuma. Abshiro alikiita sinema ya nyumbani, na kweli ilikuwa nyumbani, kwa sababu watazamaji walikalia mikeka yetu wenyewe. Mtaa wa pili akatokea mtu na spika kubwa, wateja wakaanza kuhama. Hamse akasikia habari hizo kwa kaseti ya mama yake, akasema kwenye kaseti yake ya mwisho, "Hooyo, nunua zile spika ndefu za kusimama, pamoja na sabufa." Basi ikawa amri. Dada yangu alitia kaseti hiyohiyo mfukoni, tukaenda kwa Kalla.

Kalla alikuwa Mborana wa upande wa Wajir, mwenye duka la redio na televisheni karibu na soko. Kisomali chake kilikuwa cha salamu tu, na sisi Kiborana hatukijui, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Dukani alikuwa na jozi mbili za spika, moja kulia na moja kushoto, zote nyeusi, zinafikia kiunoni, zimevaa kitambaa kimoja na kibandiko kimoja cha kung'aa. Katikati sakafuni aliweka sabufa, lile boksi la besi.

"Mama Hamse, hizi ni ndugu," alisema. "Chukua za kulia."

"Kwa nini za kulia?"

"Ni nzuri zaidi."

"Basi hii ya kushoto unauzia nani? Adui yako?"

Kalla akacheka. "Haya, chukua za kushoto."

"Sasa umeanza kukimbia ya kulia. Iko na ugonjwa gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Abshiro alizigonga mbao kwa kifundo cha kidole, akazinusa, akainua moja moja kama mtu anayepima mwanambuzi. Za kulia zilikuwa nzito kweli. Kalla akaona mwanya wake, akaweka kaseti yake ya muziki na kufungulia za kulia pamoja na sabufa. Glasi juu ya kaunta zilitetemeka. Kifua changu kilitetemeka pia, na kusema kweli nilipenda.

"Zima," alisema dada yangu, ambaye p humtoka kinywani ikiwa b. "Hiyo kaseti yako imezoea sbika yako. Na zima hiyo boksi ya chini. Nataka kusikia hizi bila msaidizi."

Akatoa kaseti ya Hamse. Alinieleza kwa Kisomali kwamba hakuna sauti anayoijua vizuri kuliko hiyo, basi spika itakayoichezea ataikamata. Niliona ni akili, siwezi kumnyima sifa yake.

Za kulia zilianza. Sauti ya Hamse ilijaa duka, nene, tamu, sauti ya mwanamume aliyeshiba. Abshiro alitabasamu, akafumba macho. Kisha Kalla akarudisha kaseti mwanzo na kuhamishia za kushoto. Hapa sauti ilikuwa nyembamba zaidi, lakini tulimsikia Hamse akimeza mate, tukasikia kiti chake kikilia. "Hooyo, huku Jidda joto ni kali," alisema, na nyuma yake, mbali kidogo, mwanamke muuza mboga akapaza sauti kwa Kiswahili: "Sukuma! Sukuma wiki! Nyanya! Mama, sukuma ya leo!"

Kalla akapiga makofi. Yeye masikini hakujua Hamse anasema yuko wapi. "Umesikia, Mama Hamse? Hata mwenye sukuma aliye nje ya nyumba ameingia. Hiyo ndiyo spika."

Abshiro alifungua macho. Alikwenda mlangoni akatazama barabara, juu na chini. Hapakuwa na muuzaji yeyote, ila mbuzi wawili na mtu amelala kwenye kivuli cha lori. Akarudi akachungulia nyuma ya spika, akamtazama Kalla kwa jicho la kumtoboa.

"Rudisha."

Ikarudishwa. Joto la Jidda, kisha sukuma wiki, palepale. Akaomba za kulia. Joto la Jidda, sauti nene na tamu, na nyuma yake hakuna kitu. Besi imemeza yote. Akarudi za kushoto, na yule mama akawa bado anauza nyanya zake.

Nilimshika mkono. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilimwomba Mungu dada yangu achague za kulia, aende nazo nyumbani, amsikilize mwanawe akiwa Jidda maisha yake yote. Mimi ningezichagua.

"Wewe umewahi kuuza mbuzi?" alimuuliza Kalla.

"Baba yangu aliuza."

"Basi unajua. Mbuzi mwembamba wanalambisha chumvi asubuhi, anakunywa maji mingi, tumbo inajaa. Sokoni unaona mbuzi nono. Jioni anakojoa, unabaki na mifuba." Akaweka kiganja juu ya spika ya kulia. "Hii imelambishwa chumvi. Nataka ya kushoto."

Kalla akataka kujua kama sabufa tunaichukua. "Weka," alisema Abshiro. "Ni ya wateja. Wao wanataka kudanganywa kidogo."

Tukashika njia ya nyumbani. Alipopita mlangoni kwa Nurto alisimama, akapiga hodi, akasema anadaiwa kikombe cha chai kilichobaki nusu, na aje akimalizie. Nurto akaja. Walikunywa bila kumtaja Hamse.

Baada ya sala ya alasiri aliweka kaseti tupu kwenye redio yetu ndogo, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alianza kama siku zote, salamu za ukoo, mvua, malisho ya Ijara, nani amezaa. Alimwambia spika zimepatikana na ni nzuri kuliko alivyotarajia. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyelia, pembeni, na mtandio mdomoni nisisikike kwenye kaseti.

"Hamse, mwanangu," alisema mwishoni, "mkokoteni si aibu. Ijumaa nitakuwa kwenye basi la kuja Nairobi na khala yako Rukiyo. Yule mama anayepita chini ya dirisha lako, nunua kwake sukuma fungu moja, tutapika pamoja. Na uangalie majani vizuri, asikuuzie ya jana."