Kenchi Zangu na Nakshi za Salehe

Siku yangu ya kwanza ya useremala, zama za Mwingereza, nilipangwa meza moja na Salehe katika karakana ya shamba la mkonge, Old Korogwe. Randa na patasi tulijifunza pamoja. Na ni mtu huyohuyo aliyeniunguza moyo miaka yote.

Bwana Meneja alitaka nyumba ya mapumziko kule Bungu kwenye baridi, ifanane na ile alimozaliwa babu yake, enzi za Malkia Viktoria: paa la mwinuko mkali, dohani mbili, madirisha ya sebuleni yamechomoza nje ya ukuta. Msimamizi wa Ujenzi akanipa mimi kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Salehe akapewa nakshi za baraza, mbao zilizotobolewa kwa msumeno mwembamba mpaka zikaning'inia kama lesi.

Kenchi ni kazi ya hesabu. Paa kali hushika upepo; kiungo kikilegea, nyumba nzima hulia. Zangu hazikulia. Ila dari ilipopigwa, zikafichwa.

Mke wangu, Mwanahamisi, alipanda na lori la mbao kuja kunitazama. Akasimama barazani, mdomo wazi.

"Hii kazi ya nani?"

"Ya Salehe. Yangu iko juu ya dari."

"Sasa mimi nitaionaje, baba?" Akarudi kuzitazama nakshi.

Nilihisi kama nimemeza maranda.

Nyumba ilipokwisha, Meneja alituita. "Salehe, leo wewe ni Fundi Mkuu." Kisha akanigeukia: "Wewe utakwenda Handeni, kuezeka maghala."

Huko nilikaa mpaka Waingereza wanaondoka. Kila dereva aliyetoka Korogwe nilimuuliza habari za Salehe, nikitumaini ameharibu kazi. Hakuharibu.

Mwaka aliojenga nyumba yake mwenyewe, alinifuata Handeni.

"Ndugu yangu, paa langu simpi mtu mwingine. Kenchi zako hazina mfano."

Nilikwenda, nikaezeka vizuri. Lakini usiku na mchana nilijiuliza: maneno hayo si angeyasema mbele ya Meneja?

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Kwedizinga. Nyie vijana mnaoshika randa leo, mkipewa kazi ya kufichwa, ifanyeni sawasawa, lakini asiwadanganye mtu kwamba haiumi. Salehe alipofariki nilisimama mazishini nikamsifu, na kila neno lilikuwa kweli. Nilidhani wivu nitauacha kaburini. Nimerudi nao nyumbani, na sina tena wa kumwonea.