Mpira Uliomtii Tantine Rosalie Peke Yake

Mpira ulitoka mkononi mwa Constantin umenyooka kabisa. Ukafika katikati ya njia. Halafu ukageuka.

Hakuna aliyeugusa. Ndani hamkuwa na upepo. Uligeuka wenyewe kwenda kushoto, ukazipita chupa zote kumi bila hata kuzisalimia, ukatumbukia kwenye mtaro.

Constantin alibaki ameinama, mkono bado mbele, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Muliona?" alisema. "Muliona na macho yenu? Mpira imenikataa!"

Kisha akageuka polepole, akamnyooshea kidole Tantine Rosalie, mama yangu mdogo.

"Na ya huyu mama haikatae hata siku moja. Juu ya nini?"

Sale nzima, ukumbi wetu wa boling, ikamgeukia Tantine. Mimi nilikuwa ubaoni na chaki mkononi, na nilitamani niwe chaki.

*

Naitwa Débora. Naishi hapa Nchelenge, kando ya ziwa, na kama hunijui usijisumbue, hata majirani wengine hawanijui. Mimi ni mtu wa kusalimia kwa kichwa. Nimesomea ualimu, ndiyo, lakini mbele ya watoto sauti yangu hutoka. Mbele ya watu wazima inabaki nyumbani.

Mtauliza boling ilifikaje huku kwenye samaki na mihogo.

Ni Papa Zéphirin. Ni mfanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, na alikuwa na depo ya barafu karibu na soko la Kashikishi. Mashine ya barafu ikafa. Wakati huohuo akasikia kwamba Lusaka kuna sale ya boling inafungwa. Akapeleka samaki kwa lori, lori likarudi na mbao ndefu, mipira mizito yenye matundu matatu, na vile vigingi vyeupe ambavyo sisi tunaviita chupa. Watu walidhani ni viti vya kanisa.

Leo tuna ligi. Kila Jumamosi mchana. Unaacha viatu mlangoni, unacheza na soksi, na hapo ndipo utajua ni nani ameolewa vizuri na nani soksi zake zinachungulia nje kwa vidole.

Mimi naandika alama ubaoni. Napenda kazi hiyo kwa sababu unawapa watu mgongo. Ila kuwafundisha hesabu yake kulinitoa jasho. Hawakuelewa kwa nini ukiangusha zote kumi kwa mtupo mmoja, yaani straiki, lazima usubiri.

"Straiki ni kuku," niliwaambia siku ya kwanza, nikiwa nimeutazama ubao. "Umempata leo, lakini ngojea mayai mawili yanayofuata ndipo uhesabu. Mitupo miwili inayokuja inaongezwa juu yake."

Wakaelewa. Mpaka leo mtu akipiga straiki wanapiga kelele, "Kuku!"

Tulicheka sana msimu ule. Mpaka mipira ilipoanza kugeuka.

*

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi mchezo unaanza vizuri. Kila mtu anatupa, chupa zinaanguka. Lakini kadiri jua linavyoshuka, mipira inaharibika. Inageuka mapema, inakimbilia kushoto, inakosa. Wote wanaharibikiwa: Constantin, Chewe wa pikipiki, hata Papa Zéphirin mwenye sale.

Wote, isipokuwa Tantine Rosalie.

Wa kwake unakwenda pole, unafika karibu na chupa, unajikunja kidogo kama mtu anayeingia mlangoni, halafu pwaa! Kuku.

Na Tantine Rosalie anatupa kwa mkono wa kushoto.

Sasa ninyi mnajua kwetu mkono wa kushoto ulivyo. Hausalimii mgeni. Haupokei zawadi. Haugusi bukari, ugali wetu wa muhogo.

"Mukono ya kushoto haisalimiake batu," Constantin alisema Jumamosi ile. "Haikulake bukari. Leo njo inapiga straiki kila mara? Mama, sema tu. Umetia ndawa gani mule? Siye bote hapa tuko bakristo."

"Constantin, mutoto yangu," Tantine alijibu, "minatupa tu. Kama vile minasonga bukari."

"Bukari yako njo inaharibisha mipira yetu?"

Watu wengine walicheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio walionitisha.

Papa Zéphirin alinyanyua mikono. "Bon. Mutulie. Jumamosi yenye inakuya tutacheza, nitaangalia miye mwenyewe. Kisha nitasema kama huyu mama anabaki ao anatoka."

*

Mngedhani ni mchezo tu. Lakini neno "ndawa" likitoka mdomoni haliishii mlangoni.

Tantine anauza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, wakavu. Jumatatu nilikuwa naye sokoni. Mama mmoja wa Chienge, mteja wake wa siku zote, alikuja. Alipofika mbele ya meza yetu akainua kitenge chake kidogo na kupita pembeni, kama mtu anayekwepa dimbwi. Akanunua kwa jirani.

Tantine alifunika samaki, akafunua, akafunika tena.

"Jumamosi sitaenda, Débora."

"Tantine, kama hauende, batasema njo kweli."

"Na kama ninaenda na Zéphirin ananitosha nje mbele ya bote? Hapo hata hii meza nitaibeba kwenda wapi?"

Nilitazama mkono wake wa kushoto.

Tulipovuka ziwa miaka ile tukikimbia vita, nikiwa bado na sare ya shule, tulishuka kwenye mtumbwi, na ni huyu dada mdogo wa mama yangu aliyenishika. Mkono wa kulia ulikuwa na mizigo. Alinishika kwa wa kushoto mpaka tukafika Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, na hata pale hakuniachia.

Sasa mkono huohuo ndio umekuwa wa mlozi.

"Tutaenda," nilisema. "Tutaenda wote."

Sauti yangu ilitoka. Tulishangaa sote wawili.

*

Jumamosi sale ilijaa. Hata wasiojua boling walikuja kutazama mlozi.

Mchezo ukaanza vizuri kama kawaida. Constantin akapiga kuku, akacheza ngoma kidogo na soksi yake iliyotoboka. Kisha jua likashuka, na mipira ikaanza. Wa Chewe ukageuka. Wa Constantin ukageuka.

"Ala! Mwe bantu!" Chewe akashika kichwa.

Tantine akatupa. Pwaa.

Nikasikia mtu nyuma akinong'ona "Yesu" kama anayefukuza kitu.

Nikashindwa kuandika. Nikaweka chaki chini, nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta mipira. Nilipokuwa chuoni Lusaka, mwisho wa juma nilikuwa natafuta nauli kwa kufuta mipira kwenye sale ya boling. Mikono yenye wasiwasi hutafuta kazi inayoijua.

Nikafuta wa Constantin. Mkavu.

Nikafuta wa Chewe. Mkavu.

Nikafuta wa Tantine, na kidole kikateleza.

Nikautazama vizuri kwenye mwanga wa mlango. Kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, umeuzunguka mpira kama mkanda. Mafuta.

Lusaka kulikuwa na mashine ya kupaka njia mafuta kila asubuhi. Hapa hatuna mashine, kwa hiyo mimi nilidhani hapa hakuna mafuta. Sikuwahi hata kufika asubuhi.

Nikamsogelea Papa Zéphirin, nikaongea karibu na sikio lake.

"Papa, hii njia munapakaka nini?"

"Ile? Ndawa ya muchwa."

"Ya nini?"

"Ya muchwa! Mwenye aliniuzisha mbao alinipatia na bidoni ya ndawa, akasema kila siku ya kucheza lazima kupaka, bila vile mbao itaharibika. Minapaka kila Jumamosi asubui. Na haukuone? Hakuna hata muchwa moja!"

Yalikuwa mafuta yaleyale ya Lusaka; nilitaka kucheka na kulia pamoja. Lakini hakukuwa na muda. Papa Zéphirin alikuwa tayari amesimama, anasafisha koo.

"Bon," alianza. "Nimeona. Bote tumeona. Mama Rosalie..."

"Hapana!"

Watu wakageuka. Nami nikageuka kumtafuta aliyesema. Nilikuwa mimi.

Sasa ningesema nini? Maneno yakanikimbia kama kawaida yake. Kwa hiyo nikafanya kitu. Kwenye kikapu cha Tantine kulikuwa na unga wa muhogo wa bukari ya jioni. Nikachukua konzi moja, nikaingia kwenye njia, nikaurusha juu ya mbao.

Ee! Mngesikia kelele!

"Na huyu pia! Anamwaga ndawa mbele yetu!"

"Débora!" Papa Zéphirin alishika kifua. "Mbao yangu!"

"Ni unga, Papa. Unga tu." Nikalamba kidole ili waone. Nikarusha tena, huku na huku, kisha nikavua kitenge cha mabegani, nikapepea kwa nguvu.

Unga ukaruka. Si wote.

"Mukuye karibu," nilisema. "Mwangalie."

Upande wa kushoto wa njia unga ulikuwa umeng'ang'ania, mweupe kila mahali. Upande wa kulia kulikuwa na barabara moja nyeusi, tupu, imenyooka, upana wa mpira. Hapo hapakuwa na hata chembe.

Chewe akachuchumaa. "Awe, hapana. Hii njia nani amefyeka?"

"Ninyi," nilisema. "Mbao zina mafuta ambayo macho hayaoni. Mpira ukipita kwenye mafuta unateleza, unakwenda mbali kabla ya kugeuka. Lakini kila mpira unaopita unabeba mafuta kidogo. Ninyi wote mnatupa kwa mkono wa kulia, mnapita mahali pamoja, tangu mchana. Mmeyamaliza. Pakikauka, mpira unashika mbao, na kule kuzungusha kwa mkono wenu kunaugeuza mapema. Tantine anapita kushoto peke yake. Yeye bado ana mafuta."

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya watu wazima. Nilishika ukuta.

"Ile ni maneno ya masomo," Constantin alisema, lakini sauti yake haikuwa na miguu. "Nani anaweza kuhakikisha?"

"Weye," nilimwambia. "Tupa na kushoto. Kama ni mafuta, mpira hautageuka mapema. Kama ni ndawa, itakukataa."

Akarudi nyuma. "Miye? Mutu muzima kama miye, na kushoto, mbele ya bamama?"

Hapo Jeanine akacheka. Jeanine ni dada mkubwa wa Constantin, anacheza timu moja na Tantine, na ndiye mtu pekee duniani ambaye Constantin anamwogopa.

"Tupa, Constantin."

"Yaya, dada yangu, lakini..."

"Nimesema tupa!"

Nikapangusa unga juujuu, mafuta yabaki. Constantin akachukua mpira. Sote tulikuwa tayari kumcheka, kwa sababu, jaribuni ninyi wenyewe: mtu wa kulia akitupa kwa kushoto huonekana kama mbuzi anayepanda ngazi.

Lakini hakuonekana hivyo.

Mabega yalitulia. Hatua zikaja zenyewe, laini. Mkono ukashuka, ukapanda. Mpira ukaenda pole, ukafika karibu na chupa, ukajikunja kidogo kama mtu anayeingia mlangoni.

Pwaa!

Zote kumi. Hata moja haikubaki kusimulia.

Hakuna aliyepiga kelele ya kuku. Constantin alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyebisha hodi baada ya miaka mingi.

"Batu bote bajue," Jeanine alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Huyu alizaliwa na kushoto. Kila kintu alikuwa anakamata na kushoto. Mama alikuwa anamufunga ule mukono na kitambaa, kila chakula, mpaka ukazoea kulala. Alikuwa analia, miye njo nilikuwa namupanguza."

Constantin aliuficha mkono huo mgongoni.

Aliyemwendea ni Tantine Rosalie. Alimpangusa unga kwenye shati na kusema, taratibu, "Miye, mama yangu alishindwa kunifunga. Nilikuwa napiga sana makelele."

Constantin akacheka. Kicheko kilichochanganyika na kitu kingine, akageukia ukuta akijifanya anatafuta viatu vyake, wakati viatu viko mlangoni.

"Kuku!" Chewe alipiga kelele hatimaye, na sale ikalipuka.

Papa Zéphirin hakumaliza hotuba yake. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa, Débora, muchwa je?"

*

Jumatatu Constantin alikuja sokoni wakati watu wamejaa. Akasimama mbele ya meza ya Tantine, akaomba chisense kwa sauti ya mtu anayehubiri. Tantine alipompa mfuko, Constantin alinyoosha mkono wa kushoto. Akaupokea kwa huo, mbele ya soko zima, akaunyanyua juu ili kila mtu aone.

Yule mama wa Chienge alikuwa anatazama. Hakuja siku hiyo. Alikuja Alhamisi.

Siku hizi Constantin anacheza kushoto, na Papa Zéphirin ananiachia mimi kazi ya kupaka mafuta asubuhi. Amani imerudi, isipokuwa jambo moja. Jumamosi iliyopita jua liliposhuka, mpira wa Tantine uligeuka mapema, ukatumbukia kwenye mtaro. Akashika kiuno.

"Weye Constantin! Unanimalizia mafuta yangu!"

"Mama, nitafanya nini? Njo mukono yangu!"

Niliandika sifuri ubaoni, nikiwa nimewatazama watu. Nimeanza kuzoea nyuso zao.

Wapendwa, mambo yakigeuka ghafla na jirani yako peke yake akabaki ananyooka, usimnyooshee kidole. Kipitishe kwanza sakafuni, mahali ambapo wewe mwenyewe umekuwa ukipita kila siku.