Mama Eufrasia na Senti Yenye Tundu

Mama Eufrasia anauza dagaa hapa Kiloleli, na kwa miaka yake sitini na miwili hakuwahi kutafuta kitu ardhini zaidi ya viazi. Mwaka jana mdogo wake, Ndalahwa, alirudi kutoka machimboni akiwa amechoshwa na dhahabu ambayo hakuiona, akamwachia dada yake detekta, mashine ya kusakia madini ardhini. Alimweleza kwamba inalia ikipita juu ya chuma, sarafu za zamani, hata shaba ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Kisha akaenda kulima pamba.

Siku ya kwanza mashine ililia uani mara kumi na nne. Mama Eufrasia alichimbua visoda kumi na viwili, msumari mmoja, na kijiko alichokuwa amemsingizia mkwewe kukiiba tangu Pasaka. Kijiko alikiosha, akakirudisha kabatini kabla mkwewe hajakiona.

Basi akanogewa. Kila asubuhi, kabla ya kuanika dagaa, alivaa kofia ya marehemu mumewe, akabandika hedifoni masikioni, akaenda kwenye uwanja wa gulio la zamani. Alipitisha mashine polepole juu ya majani kama anayeupiga uwanja pasi.

Tatizo lilikuwa hizo hedifoni. Huku kwetu mtu hampiti mwenzake bila kumwamkia, na salamu za Kisukuma za asubuhi, "Mwangaluka, mayu", zikawa zinampita bila jibu. Wengi walicheka. Milembe, jirani yake na mwenzake wa kwaya, hakucheka. Siku moja alimwamkia mara tatu, akageuka, akaenda zake.

"Ameshapata dhahabu," aliwaambia wanakwaya. "Sasa hasikii watu tena."

Wiki mbili hakukanyaga kwa Eufrasia, hata kuomba chumvi. Eufrasia alidhani mwenzake anamwonea wivu, jambo lililompendeza kidogo.

Ndipo mashine ilipolia kwa nguvu karibu na msingi wa duka lililobomoka. Alichimba kwa kisu cha jikoni, akatoa kitu cha duara, cha kijani, chenye tundu katikati. Alikisugua kwa ndimu na majivu hadi maandishi yakatokea. Lakini miwani yake alikuwa ameikalia mwenyewe mwezi uliopita, na mwenye macho mazuri pale jirani alikuwa Milembe.

Alimkuta akichagua mchele.

"Nisomee hii."

"Leo unasikia?" Milembe hakuinua uso.

"Kwani lini sikusikia?"

"Nimekuamkia mara tatu pale gulioni."

Eufrasia aliona aibu. "Kile kitu kinaziba masikio, Milembe. Nilifikiri wewe ndiye umeninunia."

"Nilikununia kweli."

Milembe akapokea sarafu, akaigeuza kwenye mwanga. "Senti kumi. Mwaka arobaini na mbili." Akagusa tundu kwa kidole. "Bibi yangu alikuwa anazitunga kwenye uzi, anavaa shingoni."

"Basi chukua."

"Moja nitavaa vipi? Twende tukatafute nyingine."

Tangu hapo wanakwenda wawili, wakigombania mashine njia nzima. Wamepata senti kumi nyingine nne, kengele ya ng'ombe na jembe lisilo na mpini. Jumapili iliyopita Milembe alizitunga zile senti kwenye uzi mwekundu, akazivaa kanisani. Padri alimuuliza ni nini hizo.

"Senti hamsini, Baba," alijibu, akakipita kikapu cha sadaka akiwa amezishika vizuri.