Kitabu Kitupu cha Afande Benchi

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mwaka jana kisu changu cha vitunguu, kile nilichokizungushia utepe mwekundu mpinini, kilipotea siku tatu, nikamsomea mdogo wangu tunayeishi naye mpaka akaacha kunisalimia. Siku ya nne kikaonekana drooni, kimetulia tuli, wala sikuomba radhi. Ndivyo nilivyo. Lakini hakuna aliyewahi kunipandisha presha kama askari wa kike aliyelinda shule yetu miaka minne, yule ambaye watoto walimwita Afande Benchi. Nilimpenda kama dada yangu, na kila mwisho wa mwezi nilitamani kumtupia mhuri kichwani.

Mimi ni karani wa shule. Dirisha langu linatazamana na kibanda cha askari pale getini, kwa hiyo hakuna alilofanya nisilione. Shule yetu ni ya serikali, wanafunzi elfu moja na mia nne, upande huu gereji, upande ule stendi ya mabasi, na geti la nyuma ambalo kufuli lake limeombewa fedha tangu binti yangu anaota meno. Sasa yuko kidato cha pili hapo hapo, na kufuli bado linaombewa.

Polisi wa jiji waliweka askari mmoja katika kila shule ya serikali. Kila askari alipewa filimbi, redio ya mkononi na kitabu kikubwa cha jalada jeusi, Kitabu cha Matukio. Kila jioni aandike nani kapigana, nani kaiba, nani kakamatwa na kitu gani, na majina yao. Mwisho wa mwezi karani anagonga mhuri, anajaza sehemu iliyoandikwa Maoni ya Karani, kitabu kinakwenda makao makuu. Kule wanahesabu.

Basi fungua kitabu cha Afande Benchi. Jumatatu: Shwari. Jumanne: Shwari. Jumatano: Shwari, mvua. Miaka minne ya shwari!

Shwari gani? Watoto walipigana kama watoto wa shule yoyote. Ila wakipigana, yeye hakupuliza filimbi. Aliwapeleka kwenye benchi refu la ukumbini, lile la mbao nzito linalobebwa na watu wanne, akamwambia mmoja shika huku, mwingine kule, zungukeni uwanja. Benchi lile ukiharakisha, linamgonga mwenzako magotini. Ukizubaa, linakuponda wewe. Mzunguko wa kwanza walitukanana. Wa pili ungesikia, "Polepole basi, tuna kona hapo!" Wa tatu walikuwa wanacheka kwa kuchoka. Wakilitua, aliwauliza jambo moja tu: "Ilianza lini?" Hakuuliza nani alianza, maana hapo kila mtu ana kidole cha kunyoosha. Ilianza lini, hapo hadithi yote inamwagika, mpaka ya shangazi na ya simu iliyovunjika.

Na asubuhi alisimama getini akitazama miguu. Nilimuuliza anatafuta nini chini, kaangusha sarafu? "Uso unajifunza kudanganya mapema, dada," alinijibu. "Miguu inachelewa." Mtoto aliyetembea kama hataki kufika, alimsindikiza hadi darasani. Aliyetembea kama hataki kurudi, alimsindikiza hadi stendi. Vijana wakorofi wa stendi walimjua, na wakimwona walikumbuka ghafla kuwa wana kazi kwingine.

"Sasa haya yote si uyaandike?" Nilimwambia mara ngapi!

"Niandike nini?"

"Wale wawili wa leo! Damu ya pua mpaka kwenye shati!"

"Wameshapatana. Wamegawana mkate mmoja."

"Afande, damu!"

"Damu imeshafuliwa. Jina likiingia humu halifuliki."

Alijua anachosema, hilo nakubali. Kabla ya kuletwa kwetu alikaa miaka sita kwenye chumba cha mafaili makao makuu. Mtu akiomba kazi, jina lake linaletwa pale, na yeye ndiye aliyekuwa akivuta faili. Aliniambia aliwahi kuvuta faili la baba wa watoto watatu, ndani mna mstari mmoja tu: aligombana shuleni, akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Mstari huo ukatosha kumkosesha kazi. "Nilivuta mimi, kwa mkono huu," alisema, akaingia kibandani kumenya chungwa lake.

Wakati huohuo shule ya jirani walikuwa na sajini tuliyemwita Kalamu. Kwa huyo, mtoto akipiga chafya ameandikwa. Vitabu viwili kwa muhula! Akapewa cheti, akapewa na msaidizi. Halafu kwetu ikaja barua: shule zisizo na matukio zinaonekana hazihitaji askari, mkaguzi atapita Jumanne kuhakiki kitabu. Niliisoma mara mbili nikitafuta akili ndani yake. Yaani umfukuze mpishi kwa sababu hakuna anayelia njaa!

Jumatatu jioni nilimfuata kibandani. "Dada yangu, nakuomba. Kesho watakuondoa. Nitajie tukio moja tu, moja lenye uzito."

Alifikiri kidogo. "Kisu," akasema. "Mwaka jana, wakati wa mvua."

"Kisu! Cha nani?"

"Cha mtoto mwenye hofu. Wale wa stendi walikuwa wanamvizia. Nilimsindikiza wiki tatu, nikazungumza nao, na mama zao pia. Yakaisha."

"Na kisu?"

"Kilirudi kilikotoka."

"Jina lake?"

"Nenda nyumbani, karani. Umechoka."

Niliondoka na hasira zangu. Na hapo ndipo nilipofanya ujuaji wangu. Kitabu kilikuwa mezani kwangu kusubiri mhuri. Nikachukua kalamu, kwenye Maoni ya Karani nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kualikia harusi: Mwaka jana askari huyu alizuia tukio la kisu. Nikagonga mhuri. Nikalala nimeridhika, najiona nimemwokoa mtu.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Alipekua shwari zote, akafika kwenye mwandiko wangu, akasimama.

"Kisu," alisema. "Kiko wapi katika kitabu?"

Mwalimu mkuu alinitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka hadi nastaafu.

"Afande, kisu shuleni kisipoandikwa ni kosa kwako," mkaguzi akaendelea. "Lakini sikuja kukuvunjia kazi. Nitajie jina, tuliandike sasa hivi. Shule itahesabiwa kuwa na tukio zito, na wewe utabaki."

Mimi nilishaanza kupumua. Si ndiyo hayo? Jina moja!

Afande Benchi alitazama nje, uwanjani, ambako kidato cha pili walikuwa kwenye mazoezi ya viungo. "Sikumbuki," akasema.

Sikumbuki! Mwanamke anayejua watoto elfu moja na mia nne kwa miguu yao!

Ijumaa barua ikafika: ahamishiwe usalama barabarani, kwenye mzunguko mkubwa wa katikati ya jiji. Nilimkuta kibandani anakunja koti lake la mvua, nikashindwa kujizuia. "Umewaacha watoto wote hawa kwa ajili ya mhuni mmoja mwenye kisu!"

"Si mhuni, dada," alisema. Akanipa funguo, akanishika bega, akaondoka. Hata hakunilaumu kwa ule mwandiko wangu. Hilo nalo liliniudhi.

Wiki iliyofuata Kalamu akawa anakuja kwetu mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza aliandika majina kumi na moja. Ugomvi ukahamia nyuma ya vyoo, na benchi likarudi kukaliwa.

Jioni moja nilikuwa mezani na mdogo wangu na binti yangu, nabwata. Namlaani mkaguzi, namlaani Kalamu, namlaani mwenye kisu. "Na akili hizo zote, kaenda kujitosa kwa ajili ya jambazi la kidato gani sijui!"

Binti yangu aliweka kijiko chini. "Mama, usimseme."

"Nitamsema! Mwenye kisu yuko wapi leo? Anakula kwao, ameshiba!"

"Mama." Alikuwa analia. "Ni kile cha utepe mwekundu."

Nilimtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alinitazama mimi, na alikuwa na haki ya kusema mengi.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mwanangu.

"Ungepiga kelele, mama. Yeye hakupiga."

Wiki tatu mtu alimsindikiza mwanangu stendi, mbele ya dirisha langu, na mimi nilidhani wanapiga soga. Niliona uchungu ambao sina neno lake. Nikamwomba mdogo wangu radhi, mwaka mzima baadaye, kisha nikaingia jikoni nikakitazama kile kisu mpaka chai ikapoa.

Asubuhi niliomba ruhusa, nikaenda makao makuu. Mkaguzi alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilimweleza yote kuhusu benchi, miguu, stendi. Alisikiliza, na naamini alielewa.

"Mama, hata mimi naona yule alifaa," alisema. "Lakini siwezi kumrudisha kwa maneno. Nahitaji tukio, na tukio lina jina." Akafungua kitabu, akaweka kalamu tayari. "Wewe ni karani, huwezi kukosa kujua. Nitajie, na Alhamisi atakuwa getini kwenu."

Alhamisi! Watoto elfu moja na mia nne, na yeye getini. Upande wa pili, mwanangu, ambaye siku hizi anasema anataka kuwa muuguzi, na mstari mmoja ndani ya faili ukimsubiri akue. Miaka minne nimemfokea yule mwanamke aandike. Andika, andika, andika! Jina lilinijia hadi kwenye meno.

"Sikumbuki," nikasema.

Aliniangalia juu ya miwani. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

Njia ya kurudi inapita kwenye ule mzunguko. Nilimwona tangu mbali, katikati ya magari, glavu nyeupe, uso umeungua kwa jua. Nilifika ukingoni mwa barabara nikasimama. Magari yalipungua, sikuvuka. Yakapungua tena, sikuvuka. Nilikuwa na aibu, na sikujua ningemwambia nini.

Akageuka. Hakunitazama usoni, alinitazama miguu. Kisha akainua mkono, akasimamisha magari ya pande zote nne, akaja mwenyewe kunivusha.