Kitunga cha Mupunga kwa Sarafu ya Malkia

Sisi tuliozaliwa wakati Wabelji wangali wakitawala, hakuna mutu aliyetununulia vitu vya kuchezea. Mulio wa umri wangu, wa Kasongo na Kabambare, mutakumbuka mupira wa majani makavu ya mugomba, magari ya mabua, na mitego ya ndege tuliyotega kando ya mashamba ya pamba. Mutakumbuka kengele ya misheni na adhana ya upande wa muji, zikifuatana asubuhi juu ya ukungu. Mutakumbuka harufu ya mawese mapya yakichemka, namna tumbo lilivyonguruma hata kama umeshiba. Hayo yote niliyajua kama ninyi. Lakini muchezo wangu mimi ulikuwa mwingine, na niliucheza peke yangu. Nilikusanya sarafu za zamani za Wangereza.

Musicheke. Mujukuu wangu nikimwonyesha, ananiuliza mara moja: "Babu, hizi zinatumika wapi?" Hazitumiki popote! Hata wakati ule hazikutumika. Ukizipeleka kwenye butike, duka la Mugriki, alizisukuma kwa kidole kama mutu anayeondoa mende mezani. Kwetu zilifika kwa njia ya Ujiji, kwa wachuuzi waliovuka ziwa, na nyingine zilirudi mufukoni mwa askari waliokwenda Tabora kupigana na Wadachi. Zikifika huku zilikuwa zimekufa. Wamama walizitoboa wakawafungia watoto shingoni. Wenye sarafu za feza safi waliwapa mafundi, wakaziyeyusha zikawa bangili. Zilizobaki zililala chini ya masanduku, na mimi njo nilikuwa nazitafuta.

Ya kwanza alinipa baba. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya zahabu, mbali kupita Kabambare, na alirudi kwetu mara moja moja, amekonda, amebeba chumvi na kitambaa. Mama alikuwa amekufa nikiwa sijaanza kutembea. Niliishi kwa baba mukubwa, kijiji cha mashamba, mwendo wa asubuhi nzima mupaka Kasongo. Sisemi walinitesa. Walinilisha. Lakini watoto wa baba mukubwa walikuwa ndugu wao kwa wao, na mimi nilikuwa mutoto wa ndugu ya baba yao. Timu ya mupira ikijaa, wa kutoka ni mimi. Hadithi ikichekesha, walitazamana wao kwanza. Basi siku moja baba alinipa senti ya Mungereza yenye tundu katikati, akasema, "Chezea hii, nitarudi." Akaenda. Nikakaa naye kwa ile senti.

Shule nilifika kalasi ya pili tu, nikatoka. Sioni haya. Duka langu na gari zangu sikuzijenga kwa cheti. Ninachosema ni kwamba mutoto ambaye hana wa kucheza naye anatafuta watu mahali popote, na mimi wangu walikuwa ndani ya mukebe wa maziwa: wafalme wenye ndevu, wafalme wasio na ndevu, simba mmoja amesimama mbele ya milima, na mwanamuke amekaa na mukuki wake. Niliwapanga juu ya mukeka mvua ikinyesha, nikawasalimia. Niliwapa majina ya Kizimba, luga ya kwetu. Mwenye ndevu nyingi nilimwita kama chifu wetu, kwa sababu wote wawili walikuwa na uso wa mutu anayedai kodi.

Mwaka wenyewe ninaousema, nilisikia kwamba Bi Mwanaidi wa Kasongo alikuwa na sarafu kubwa ya feza tupu, ya malkia. Bi Mwanaidi alikuwa mujane wa Kingwana, wale Waislamu wa muji. Mume wake alikuwa muchuuzi wa Ujiji. Aliishi na mujukuu wake mmoja, Mwavita, musichana aliyekwisha poswa. Nikachukua franga zote nilizopata kwa kuuza ngazi, matunda ya kukamulia mawese, na kuni, nikazifunga kwenye kitambaa, nikatembea.

Nikafika barazani, nikapiga hodi, nikasema mambo yangu bila kuzunguka. Yule bibi akafungua fundo kwenye pembe ya kanga yake, akaniwekea ile sarafu kwenye kiganja. Ilikuwa nzito, na baridi kama jiwe la mutoni. Malkia alikuwa muzee, amejitanda shela kichwani.

"Unamuona?" akaniuliza Bi Mwanaidi. "Mwanamuke wa heshima. Anafunika kichwa. Hawa wazungu wa hapa, wake zao wanatembea nyele wazi kama kuku aliyenyeshewa."

Nikamupa franga zangu. Uso wake ukabadilika. Akarudisha mukono kama nimemupa kaa la moto.

"Feza kwa feza? Mutoto, wewe unaniletea riba mulangoni? Niko karibu na kaburi, nikamwambie Mungu nini? Kwamba niliuza feza nyingi kwa feza kidogo kwa mutoto wa mashamba?"

Mimi nilijua nini habari ya riba? Kwetu misheni tulifundishwa kutoiba, basi. Lakini wale watu wa dini wa zamani walikuwa na woga huo, na hakuna bei ambayo ingemugeuza. Kama unataka feza yake, lete kitu cha kula. Nikarudi kwetu. Siku nyingine nikaja na panya wa porini, munene, nimemukausha vizuri sana juu ya moshi. Nilijivuna naye njia yote.

Bi Mwanaidi alipofungua majani, alipiga ukelele, kisha akacheka mupaka akashika nguzo. "Mwavita! Mwavita, njoo uone! Haka kashenzi kametuletea nyamafu! Juzi riba, leo nyamafu! Mutoto huyu ametumwa atutie motoni!"

Mwavita akatoka na unga mikononi. "Bibi, mupe maji ya kunywa kwanza, ametoka mbali."

"Nitamupa. Kaa, weye. Kula wali. Huyo panya wako utarudi naye, usimuache hata mukia."

Neno lile kashenzi leo lingenifanya nisimame. Siku ile nilikaa. Muniamini, ilikuwa mara ya kwanza mutu kunicheka akiwa ananitazama mimi usoni, na si mwenzake.

Tukapatana hivi. Bi Mwanaidi aliweka kitunga kikubwa pembeni mwa baraza. Mimi nitaleta mupunga wa kuokota, ule unaobaki shambani wenye mashamba wakisha vuna. Kitunga kikijaa, sarafu ni yangu. Lakini kulikuwa na sharti. Mwavita angeolewa kabla ya mvua kubwa, na fundi wa feza angekuja kutoka Nyangwe kumutengenezea bangili. Kama fundi akifika na kitunga hakijajaa, malkia ataingia motoni pamoja na feza nyingine za nyumba.

"Sina namna," akasema. "Sitamutoa mujukuu wangu mikono mitupu. Ukijaza, mupunga wako utanunua feza nyingine. Usipojaza, hii njo itayeyuka."

Musimu ule wote niliinama kwenye mashamba ya watu, nikiokota suke moja moja nyuma ya ndege. Mugongo ulikuwa unaniuma kama muzee. Nikipata mufuko, naupeleka Kasongo. Nikifika, Bi Mwanaidi aliniuliza habari za njia, za baba mukubwa, za kuku wa kwetu, kama mutu anayeuliza mugeni wa maana. Mwavita alinifundisha kutwanga bila kumwaga. Tulikula pamoja, wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye karanga, kila mutu na upande wake wa sinia, na bibi akasukuma ukoko upande wangu. Alikuwa na hadithi za ziwa, za mawimbi, za mume wake aliyeogopa maji lakini hakusema. Nikirudi kwetu jioni nilikuwa na maneno mengi mudomoni, na hakuna wa kumwambia. Nikayaambia mukebe.

Kidogo kidogo kitunga kikapanda. Na mimi badala ya kufurahi nikaanza kuogopa. Nikawa namwaga mupunga, halafu nashindilia kwa ngumi mbili, kwa nguvu zangu zote, ushuke.

Bi Mwanaidi akaniangalia siku moja. "Watu wote wa dunia wanamwaga polepole ili kitunga kijae upesi. Weye unashindilia. Ulifundishwa na nani biashara ya namna hii?"

"Nataka bibi apate mupunga mwingi," nikasema.

"Eeh," akasema.

Halafu nikaona ajabu. Nilikuwa naacha mupunga umefika kwenye mustari fulani wa ukindu, na siku ninayorudi umeshuka. Si mara moja. Nikafikiri ni panya, nikafikiri ni mwizi. Nikamuvuta Mwavita pembeni. "Nani anakula mupunga wangu?"

Mwavita akacheka. "Weye mwenyewe! Wali unaokula hapa ulifikiri unatoka wapi? Bibi anachota humo."

"Kwa nini achote kwangu na ghala lake liko na mupunga?"

"Muulize."

Sikumuuliza. Mutoto anamuuliza mutu muzima jambo kama hilo? Nilikuwa nakasirika na nafurahi pamoja, nikashindwa kujua niweke uso gani. Nilitaka yule malkia asiingie motoni. Nilitaka pia mulango ule uendelee kunifungukia. Nikijaza, nimemaliza kazi yangu pale. Nisipojaza, fundi anakuja, na kazi yangu pale imekwisha vilevile.

Fundi akatuma habari kwamba yuko njiani. Ilinibidi nijaze. Nikaenda mashamba ya mbali, kwa watu nisiowajua, nikaokota mupaka vidole vikapasuka. Nikafika Kasongo na mufuko kichwani. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mulangoni, kama aliyekuwa anasubiri. Nikamwaga polepole, mupunga ukapanda, ukafika ukingoni, ukaanza kumwagika kwenye mukeka.

"Leo hushindilii?" akaniuliza.

"Leo hapana, bibi."

Akafungua fundo la kanga. Vidole vyake vilikawia sana kwenye fundo lile, na si kwamba lilikuwa gumu. "Haya. Muchukue bibi yako mupya. Umutunze, hajazoea mashamba." Akacheka, lakini si kile kicheko cha siku ya panya.

Nikashukuru kwa mikono miwili. Nikaondoka. Njia nzima nilishika sarafu mupaka ikapata moto.

Sikurudi. Leo watu wataniambia, "Si ungekwenda kumusalimia tu?" Wanasema hivyo kwa sababu hawakuishi wakati ule. Mutu wa mashamba hakuingia nyumba ya Wangwana mikono mitupu, bila shauri. Uliingia una kuni, una kuku, una deni. Mimi sikuwa na kitu tena, mashamba yalikuwa yamekwisha, hata suke moja halikubaki. Na baba mukubwa alisema wazi: "Unatafuta nini tena kule? Umelipa, umechukua. Usiwe kama mbwa aliyetupiwa mufupa."

Nilikutana na Mwavita sokoni, karibu na harusi yake. Bangili zilikuwa mukononi mwake, mpya, zinalia.

"Bibi anauliza kama ulikufa," akasema.

"Mwambie nilimaliza kulipa."

"Anajua ulimaliza. Alihesabu kabla yako." Akasukuma bangili juu ya mukono. "Anakaa mulangoni, weye. Mimi nakwenda Kabambare na mume wangu. Atakaa na nani?"

Nikakata shauri nivunje kiburi changu. Nikafuga kuku mmoja mupaka akafaa kupelekwa kwa watu. Ilichukua muda, kuku haharakishwi. Nilipofika na kuku wangu mukononi, hai, ili achinjwe kwa dini yao, mulango ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia ndugu wa marehemu mume wake walimupeleka Ujiji, kwa sababu hapa hakuwa na mutu. Alisema hivyo hivyo: hakuwa na mutu. Nilikaa kwenye baraza lile, kuku kwenye mapaja yangu, mupaka jua likaanza kuniangalia vibaya. Kisha nikarudi naye kwetu.

Basi. Wabelji walikwenda, wengine wakaja, nikafanya biashara Kasongo, Salamabila, Kabambare. Sarafu sikuziacha. Ninazo nyingi leo, za feza, za shaba, za wafalme ambao hata watoto wao wamekufa. Siku hizi mujukuu wangu ananitafutia kwenye simu. Anagusa kioo na kidole gumba huku anakula, anasema, "Babu, tayari," na baada ya muda kijana wa pikipiki ananiletea kipakiti kimefungwa kwa plastiki, injini hata haijazimwa. Simuoni aliyekuwa na ile sarafu. Sijui kama ni mujane ama ni kijana, sijui alikuwa ameifunga wapi. Hakuna aliyeniuliza habari za njia. Zamani sarafu moja ilinikula musimu muzima, na nikajua sauti za nyumba ilimotoka. Hizi za leo zinafika bubu.

Nyumba yangu ni ya matofali, kubwa, duka liko mbele, na mulango uko wazi tangu asubuhi. Wanaoingia wanauliza bei. Mara nyingine nasema bei ya juu makusudi, bei ya wazimu, ili mutu akasirike, akae juu ya gunia, tubishane kidogo, nimuitie chai. Vijana wa leo hawabishani. Wanatazama simu yao, wanalipa, ama wanakwenda.