Mjomba Bwanali Anakula Wapi?

Alhamisi moja, saa saba mchana, kwenye mgahawa mmoja hapa Mkuti, Masasi mjini, niliwalisha wajomba wanne wa mchumba wangu kwenye meza moja.

Wote wanne walijiita Bwanali.

Mchumba wangu ana mjomba mmoja tu.

Tulieni niwasimulie. Kijiweni wameshanichoka na habari hii, labda huku mtandaoni nitapata wa kunionea huruma.

Mimi naitwa Nurdini. Kwetu ni Makote, Newala, ila natengeneza simu hapa Mkuti, kibanda changu kinatazamana na barabara. Wakati huo nilikuwa sina mke, sina sufuria, sina hata chumvi. Asubuhi, mchana na jioni nakula nje.

Kwa hiyo ukitaka kujua wapi pa kula mtaani kwetu, umefika kwa mwenyewe.

Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, ipo kwa kina mama karibu na stendi, unamenya huku unatembea. Chipsi mayai ni kwa Ambrosi, ila nenda na subira, Ambrosi hawezi kukaanga na kuongea kwa pamoja, na anapenda zaidi kuongea. Kahawa na bao ni kwa Fakihi. Pale kuna benchi moja refu na uongo mwingi sana.

Lakini chakula, nasema chakula, ni kwa Mama Swaumu.

Aisee yule mama anapika kisamvu na korosho zilizotwangwa, anakuwekea ugali wa muhogo na kipande cha samaki mkavu pembeni. Nimekila kile kisamvu miaka mitatu. Kuna siku nilikuwa na homa, nikaenda hivyo hivyo nimejifunga shuka.

Mwenyewe ni mama wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, ana sauti ya kusikika mpaka stendi. Swaumu ni binti yake, anasoma bweni. Mtaa mzima tunamwita Mama Swaumu na hakuna aliyewahi kumuuliza jina lingine.

Sasa, Shamsia.

Shamsia ni fundi cherehani Newala mjini, kwao Chilangala. Nilimpenda siku aliponitukana kwa kumchelewesha kwenye foleni ya maji. Mwaka mmoja baadaye nikamwambia nataka kuleta posa.

"Baba hana neno," akaniambia kwenye simu. "Ila mwenye kauli ni mjomba."

Hilo halikunishangaza. Hata kwetu Makote baba anaweza kukubali mara kumi, mjomba akikohoa tu posa inarudi ilikotoka.

"Mjomba wako nani?"

"Mjomba Bwanali. Yuko huko huko Masasi, Mkuti."

"Mkuti hii? Nielekeze nikamwamkie sasa hivi!"

"Thubutu! Amekataza. Anataka akuangalie kwanza, wiki nzima, wewe usijue ni nani. Akiridhika, Jumapili mje."

"Asiporidhika?"

"Dada yangu mkubwa aliletewa mchumba, mjomba akamkataa kwa sababu anakula huku anaongea. Mpaka leo dada yupo nyumbani."

Mimi huwa naongea mpaka nikiwa nakunywa maji.

"Nipe hata alama moja, Shamsia. Mrefu? Mfupi? Ana upara?"

"Anashinda mgahawani," akasema, akacheka, akakata simu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Swaumu.

"Mama Swaumu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo unaingia hujauliza kama kuna kisamvu? Unaumwa?"

Nikamweleza kila kitu. Halafu nikamuuliza, "Unamjua mzee mmoja anaitwa Bwanali, wa Chilangala?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Bwanali wa Chilangala? Namjua sana."

"Anakuja kula hapa?"

"Hakuna siku asiyokula hapa."

Nikavuta kiti. "Anapenda nini?"

"Heshima. Mtu mzima akiingia, kijana asimame. Na anapenda sana watu wale washibe."

Hapo nikafungua moyo wote, maana nikiwa na njaa sina siri. Nikamwambia siku ya posa nitasema nina shamba la mikorosho Mnyambe.

"Unalo?"

"La babu yangu. Sijawahi kufika."

"Wakikuuliza umepulizia salfa lini, ile dawa ya ukungu wa mikorosho?"

"Nitasema juzi."

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zinanyesha kila siku. Hakuna mtu mwenye akili anayepulizia salfa mikorosho mwezi huo, na hilo nimelijua baadaye sana.

Nikaongeza na lingine. Nikasema huyo mjomba lazima atakuwa mzee mnoko, mroho, anayetafuta kulishwa bure.

Mama Swaumu akageukia sufuria. Mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani moshi umemkaba.

Jumatatu nikaanza kazi.

Nilikuwa nimekaa kwa Fakihi, mwisho wa benchi. Mwisho wa upande wa pili alikaa Mzee Yunusi, anayeziba pancha za baiskeli. Katikati hakuna mtu. Mara naona mzee mwenye kanzu na kofia anakuja taratibu.

Nikaruka wima. "Shikamoo!"

Benchi likainuka upande wangu, likashuka upande wa Mzee Yunusi. Mzee Yunusi akaenda chini na kikombe chake cha kahawa na kashata mdomoni.

Yule mwenye kanzu alikuwa amekuja kuuliza choo kiko wapi.

"We Nurdini," Fakihi akaniambia huku tunamfuta Mzee Yunusi kahawa, "kama una ugomvi na wazee, sema."

Jumanne nikahamia kwa Ambrosi. Nikamkuta mzee mmoja mwenye koti zito, anatafuna kuku. Nikamwamkia, nikakaa karibu, nikaanza kumtolea mifupa kwenye sahani yake ili asipate taabu.

Mzee akaniangalia mkono, akaniangalia uso.

"Kijana, meno ninayo. Na huyo kuku ni wangu."

Jumatano habari ilikuwa imeshaenea. Mkuti ni ndogo, na Ambrosi ana mdomo. Wazee wote wa mtaa wakajua kuna kijana fundi simu anamtafuta mjomba anayeitwa Bwanali, na akimpata anamlisha.

Mchana nipo kwa Mama Swaumu, mzee mmoja mwembamba akavuta kiti.

"Wewe ndiye Nurdini?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye Bwanali."

Jamani, karibu nipige magoti. Nikaita ugali, nikaita samaki, nikaita kisamvu, nikanyamaza kimya kabisa asije akasema naongea wakati wa kula. Mzee akala akamaliza, akanigusa bega.

"Nchuzi kidogo tena, ntoto wangu."

Nikamletea mchuzi na mikono miwili.

Ndipo ikaja hiyo Alhamisi.

Bwanali wa Jumatano alirudi. Kabla hajanawa mikono akaingia Bwanali mwingine. Akaja wa tatu. Wa nne alikuta viti vimekwisha, akakaa kwenye kreti la soda.

Wakaanza kuangaliana.

"Bwanali gani wewe? Wewe si unauza mkaa Mtandi?"

"Na wewe juzi si ulikuwa unaitwa Hamisi?"

Wa tatu akasema wasigombane, wao wote ni mapacha. Wa nne hakusema kitu, alikuwa anakula.

Mimi nimesimama katikati na bakuli la mchuzi, sijui nimwage wapi. Mama Swaumu alicheka mpaka akakaa chini na kujifunika uso kwa kanga. Siku ile ugali wake uliungua, na sijawahi kuona ugali wa mama yule ukiungua.

Ijumaa nilikata tamaa. Nilikaa kona, nikala kimya, bila kumwamkia hata mtu. Nilikuwa na huzuni ya kweli, wala sitanii.

"Mama Swaumu, mambo yameharibika. Huyo mzee atakuwa ameniona nikifanya ujinga wiki nzima. Mimi yule binti nampenda. Nikimkosa sijui nitafanya nini."

Akaniongezea kipande cha samaki bila kuombwa.

"Kula, mwanangu. Bwanali ameshakuona."

"Ameniona wapi?"

"Kula kwanza."

Jumamosi mgahawa wake ukafungwa. Wakasema amekwenda kwao, kuna shughuli ya ukoo. Sikujali. Usiku Shamsia alikuwa amenipigia kwamba mjomba amesema tuje, na mimi nilikuwa namfundisha mshenga wangu, Mjomba Tahiri, habari za shamba la Mnyambe.

Jumapili asubuhi tukafika Chilangala. Tukakaribishwa ndani, tukakaa kwenye mkeka. Mbele yetu wazee watano, ndevu nyeupe tupu. Nikaanza kuwakagua mmoja mmoja, nikimtafuta Bwanali.

"Tusubiri kidogo," akasema mmoja. "Mjomba anaingia."

Pazia likafunguka. Akaingia Mama Swaumu.

Kanga mpya, kilemba kichwani, na bakora mkononi.

Nikafurahi mno. Nikajua ameitwa kupika, na leo kisamvu kipo.

"Mama Swaumu!" nikanong'ona. "Na wewe umeletwa jikoni?"

Mjomba Tahiri akanifinya paja, kwa sababu wale wazee watano walikuwa wameshasimama wote.

"Shikamoo mjomba," akasema yule mwenye ndevu ndefu kuliko wote.

"Marahaba," akajibu Mama Swaumu.

Mama yake Shamsia, mtu mzima mwenye mvi, akamwekea kiti. "Kaka, karibu ukae."

Kaka!

Nilitamani mkeka unimeze. Bwanali wa kwanza alikuwa kaka yao mkubwa, marehemu. Kwenye arobaini yake ukoo ukampa jina hilo mdogo wao wa mwisho, Mama Swaumu, na anayepewa jina anapewa na kiti. Tangu siku hiyo, kwao, huyu mama ndiye Bwanali, ndiye kaka, ndiye mjomba.

Na mimi sikustahili hata kuelezwa. Kule kwetu Makote shangazi yangu ananiita mimi baba, kwa kuwa nilirithi jina la babu. Nilikua nikiitikia. Lakini niliposikia neno mjomba, kichwa changu kikaenda moja kwa moja kwenye ndevu.

Mjomba Tahiri, masikini, hakuwa anajua lolote. Akakohoa, akaanza. "Kijana wetu ni mchapakazi. Ana shamba kubwa la mikorosho Mnyambe, analihudumia kwa mkono wake."

"Salfa amepulizia lini?" akauliza Mama Swaumu.

"Juzi," akajibu Mjomba Tahiri kwa kujiamini.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Wazee watano wakatazama juu, wakamtazama Tahiri, wakanitazama mimi.

"Nurdini," akasema Mama Swaumu. "Mbona umeleta uongo nyumbani kwa watu?"

Upande wa pili wa pazia niliona vidole vya Shamsia vimeshika kitambaa.

"Niliogopa kumkosa," nikasema. "Shamba sina. Nina kibanda cha simu na nina yeye, kama mtanipa. Mengine yote nilitunga."

Hata Mjomba Tahiri aliacha kunifinya.

Mama Swaumu akagonga bakora chini mara moja.

"Wazee wa Mkuti wamekula wameshiba kwa mkono wa kijana huyu. Amedanganywa na kila mtu na hakumtukana hata mmoja. Na leo amesema kweli mbele ya watu." Akanikazia macho. "Yule mzee mnoko, mroho, anayetafuta kulishwa bure, amekubali."

Vigelegele! Shamsia akatoka mbio nyuma ya pazia, analia kwa furaha, mama yake anamrudisha ndani, wazee wanacheka hawana mbavu. Wallahi sijawahi kuwa na furaha namna ile.

Ikadumu kama dakika tatu.

"Ila sikiliza," akasema Mama Swaumu. "Tangu leo mimi ni mkwe wako. Mila unaijua. Mtu hali mbele ya mkwe wake. Kwangu usikanyage kwa habari ya chakula."

"Mama, hata kisamvu?"

"Hasa kisamvu. Mkwe hatazamwi mdomoni anavyoramba vidole. Na usiniletee ujanja wa kutuma watu na bakuli, nawajua marafiki zako wote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto wenu wa kwanza azaliwe. Hapo haya inaondoka, tutakula sahani moja."

Nikaangua kilio. Mzee mmoja akanipigapiga mgongo akisema, "Ona kijana anavyompenda ntoto wetu."

Tumeoana, alhamdulillahi. Shamsia amehamia Mkuti, na mume mwenye heshima hasemi ubaya wa kisamvu cha mkewe. Nitasema tu kwamba anajitahidi.

Kila mchana natembea mpaka kwa Ambrosi nikale chipsi, na ni lazima nipite mbele ya Mama Swaumu. Nainamisha kichwa kwa adabu, nakaza pumzi mpaka harufu ipite.

Sasa hivi Shamsia ana mimba ya miezi saba. Nampeleka kliniki mwenyewe, namsugua miguu, nahesabu siku kwenye kalenda ukutani. Majirani wananisifia kwamba hawajaona baba anayemngoja mtoto kwa hamu namna hii.

Nami nawaitikia tu.

Vijana wenzangu, somo ni hili: kabla hujapeleka posa, uliza mjomba ni nani. Na ukisikia ndiye anayekupikia, kula kwanza ushibe, posa ipeleke kesho yake.