Mama ametua, sisi bado tumepiga magoti

Mama katuwahi na ndege leo, jamani!

Hamjambo ndugu zangu, afya zenu zikoje? Sisi huku Nyasura, Bunda, tu wazima, ila mbavu zinauma kwa kucheka.

Mama ametoka matibabu Dar, kapanda ndege mara ya kwanza mpaka Mwanza.

Mwanajumuiya wetu wa kanisani akiwa safarini, huku tunasaliga mpaka afike. Tulizoea basi linalotembea kutwa nzima, kwa hiyo tukagawana zamu za sala mpaka usiku. Kaka yangu Marwa, wa kwenda kumpokea, akasema atatoka Bunda mchana.

Rozari ya pili hatujaimaliza, simu ikalia.

"Mko wapi? Nimetua."

Nikadakia: "Umetua wapi, mama? Ndege imeharibika?"

"Mwanza! Hata soda sijaimaliza."

Uwii! Mama mgonjwa, peke yake uwanjani, na Marwa yuko hapa kapiga magoti!

Akaruka kutafuta viatu. Mama akasema, "Ninyi malizeni rozari. Huyo Marwa atasali njiani."

Sasa hivi wameshapita Magu wakirudi nyumbani, Mungu ni mwema!

Mwezi ujao anarudi kliniki. Mliopanda ndege, kwani inatumiaga muda gani? Naomba mnijibu mapema, tupange zamu.